Flashi au memori kadi inapokataa kuandikwa: mwongozo kamili wa kujua nani ameifunga na jinsi ya kuifungua

Umechomeka flashi, umenakili faili, umebofya kubandika, na papo hapo kompyuta inakujibu kwamba diski imelindwa, uondoe kinga au utumie diski nyingine. Unajaribu kufuta kitu, jibu ni lile lile. Unajaribu kufomati, inagoma kabisa. Faili zote unaziona, picha zinafunguka, muziki unapiga, ila kuongeza au kupunguza hata herufi moja haiwezekani.

Vifaa hivi vinapita mikononi mwangu karibu kila siku, na hasara kubwa ninayoiona hutokana na pupa. Mtu anakutana na maelekezo ya kwanza, anaandika amri asizozielewa, anafika kwenye ile ya kusafisha diski, na picha za miaka mitatu zinapotea kwa sababu ya kiswichi cha plastiki kilichoteleza. Ujumbe ni mmoja, lakini wanaoutuma ni wengi: kiswichi, kanuni iliyowekwa ndani ya kompyuta, mfumo wa faili (mpangilio wa ndani unaoonyesha faili ipi iko wapi) uliovurugika, au chipu yenyewe. Dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Ukishajua nani amefunga, kufungua huchukua dakika chache, na pale ambapo hakufunguki utalijua hilo mapema bila kupoteza siku nzima.

Nakili kwanza, tengeneza baadaye

Kama ndani yake kuna kitu unachokihitaji, kinakili sasa hivi, kabla hujasoma aya inayofuata. Kufungwa kuandikwa hakuzuii kusomwa. Fungua flashi, chagua vyote, vipeleke kwenye kompyuta, kisha fungua faili kadhaa kati ya ulizonakili uhakikishe ni nzima.

Nina sababu ya kusisitiza hivi. Chipu za flashi huhifadhi data kwenye seli, na kila seli ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa na kufutwa kabla haijachoka. Zile za zamani zilizohifadhi biti moja kwa kila seli zilihimili takriban mara 100,000. Za siku hizi, zinazobana biti tatu kwenye seli moja ili ziuzwe kwa bei nafuu, nyingi huhimili mara elfu moja hadi elfu tatu hivi. Ndani ya flashi kuna kidhibiti, chipu ndogo inayosimamia seli hizo, na kimetengewa akiba ya seli za kuziba pengo la zilizokufa. Akiba ikiisha, vidhibiti vingi hujifunga: hukataa kuandika chochote tena ili kilichomo kibaki kinasomeka. Flashi ya namna hiyo inakupa nafasi ya mwisho ya kuhamisha vitu vyako, na nafasi hiyo haidumu. Nimeshika flashi ambayo asubuhi ilikuwa inasomeka vizuri na jioni haikuonekana tena kwenye kompyuta yoyote.

Ikiwa kunakili kunakwama katikati, acha kulazimisha kwa kuchomoa na kuchomeka. Nenda moja kwa moja sehemu ya chipu iliyochoka, huko chini.

Swali la kwanza: kufuli linafuata flashi au limebaki kwenye kompyuta?

Chukua flashi hiyo hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kisha chukua flashi nyingine iliyo nzima, ichomeke kwenye kompyuta yako. Ni dakika mbili tu.

Ikiandikika huko kwingine, flashi haina kosa na tatizo liko kwenye kompyuta yako: kanuni, rejista (hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows), programu ya ulinzi, au tundu la USB. Ikigoma kila mahali, kufuli limo ndani ya flashi yenyewe au limebandikwa juu yake. Na kama flashi zote zinagoma kwenye kompyuta yako, usiguse hata moja kati yake, itengeneze kompyuta.

Wakati unajaribu, badilisha na tundu. Matundu ya mbele ya kompyuta za mezani na vigawanyo vya USB visivyo na umeme wake mara nyingine hutoa umeme hafifu, na flashi isiyoshiba umeme huanza kutoa makosa ya ajabu ajabu. Tumia tundu la nyuma, lililo kwenye ubao mkuu wenyewe.

Kiswichi cha pembeni

Kadi ya SD ya ukubwa kamili, ile ya kamera, ina kiswichi kidogo ubavuni. Ishike lebo ikikutazama na upande wa kona iliyokatwa ukiwa juu kulia. Kiswichi kipo ubavu wa kushoto. Kikiwa juu, kadi inaandikika. Kikiwa chini, imefungwa. Kadi ndogo za simu, microSD, hazina kiswichi hicho, ila adapta unayoitumia kuzichomeka kwenye laptopu inacho.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalotatua kesi nyingi kuliko amri zote: kiswichi hicho hakina waya wowote unaokwenda kwenye chipu. Kadi yenyewe haijui kama imefungwa. Kisomaji cha kadi ndicho chenye kidole kidogo cha chuma kinachopapasa ubavu wa kadi. Kikikuta plastiki imeziba pengo, kinaruhusu kuandika. Kikikuta pengo liko wazi, kinatoa taarifa kwamba kadi imefungwa. Kwa hiyo kiswichi kikivunjika na kudondoka, pengo linabaki wazi, na kadi nzima kabisa inaonekana imefungwa daima.

Mteja mmoja aliniletea kadi ya kamera yenye picha za harusi ya mdogo wake. Alikuwa ameshaambiwa na watu wawili aifomati. Niliigeuza chini ya taa, na ubavuni palikuwa na kitundu kitupu, safi, kama jino lililong'oka. Nilinakili picha zake zote kwanza. Kisha nilikata kipande cha selotepu nyembamba chenye upana wa milimita nne hivi, nikakibandika kuzunguka ubavu pale ambapo kiswichi kingekaa kikiwa juu, nikakikandamiza kwa ukucha hadi kikalala bila kujikunja. Niliirudisha kwenye kamera, ikapiga picha.

Ukifanya hivyo, hakikisha selotepu haifiki kwenye vipande vya shaba vya nyuma, na usitumie tepu nene ya nguo au karatasi, maana inaweza kukwamisha kadi ndani ya kisomaji. Na kadi iliyovunjika kiswichi ipe kazi ndogo ndogo. Kwa kazi usiyoweza kuirudia, nunua nyingine.

Kuna na kiswichi kilicholegea. Kinakaa juu vizuri ukikitazama, lakini ukisukuma kadi ndani, kingo za tundu zinakiburuta chini. Ichomeke polepole huku ukikiangalia. Kikishuka, dawa ni selotepu hiyo hiyo. Kwa microSD, badilisha adapta kabla ya jambo lingine lolote, kwani za bei rahisi huharibika upesi kuliko kadi zenyewe. Na kama kisomaji cha laptopu kinasema kila kadi imefungwa, kile kidole cha ndani kimepinda au kimejaa vumbi. Tumia kisomaji cha nje cha USB.

Flashi za USB zenye kiswichi zipo, lakini ni chache. Itazame pande zote, hata chini ya kifuniko.

Yanayofanana na kufuli lakini si kufuli

Kabla hujaingia kwenye amri, ondoa haya akilini.

Faili yako ina ukubwa gani? Mfumo wa faili uitwao FAT32 haupokei faili moja inayofika GB 4, hata flashi ikiwa na nafasi ya GB 60. Video moja ndefu inagoma, picha elfu zinaingia. Hapo dawa ni kufomati kwa mfumo mwingine, exFAT, baada ya kunakili vilivyomo.

Je, unatumia Mac? Flashi iliyofomatiwa kwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, inasomeka kwenye Mac lakini haiandikwi, kwa sababu macOS yenyewe haiandiki kwenye NTFS. Flashi haijaharibika, na kwenye Windows itafanya kazi kama kawaida. Ukitaka itumike pande zote mbili, ifomati kwa exFAT.

Je, flashi hiyo iliwahi kutumika kusakinisha Linux? Taswira za usakinishaji, yaani nakala kamili za diski zilizowekwa kwenye faili moja, mara nyingi hubeba mfumo wa faili uitwao ISO 9660, uliobuniwa kwa ajili ya sidii, na mfumo huo kwa asili yake ni wa kusoma tu. Hakuna amri ya kuuondolea kinga maana hakuna kinga iliyowekwa. Isafishe flashi na kuifomati upya kwa hatua zilizoko hapa chini.

Na lile alama ya kusoma tu unaloliona ukibofya kitufe cha kulia kwenye folda na kufungua sifa zake? Kwenye folda, Windows hailitumii kuzuia kuandika. Watu wanaliondoa, linarudi, wanaliondoa tena, wanadhani wameipata sababu. Liache.

Kompyuta ndiyo iliyofunga: rejista na kanuni za Windows

Sehemu hii inakuhusu ikiwa flashi inaandikika kwingine na kwako inagoma.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `regedit`, ubofye kukubali. Fuata njia hii:

`HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies`

Ukiikuta folda hiyo, ndani yake tafuta thamani iitwayo `WriteProtect`. Ikiwa 1, kompyuta imeamriwa ikatae kuandika kwenye vifaa vya USB. Ibofye mara mbili, weka 0, funga, chomoa flashi, uwashe kompyuta upya. Usipoikuta folda hiyo kabisa, basi si hapa. Maelekezo mengi yanakuambia uitengeneze mwenyewe na kuweka 0, lakini kutokuwepo kwake kuna maana ile ile ya 0. Unajichosha bure.

Mahali pa pili ni kanuni za kikundi. Toleo la Windows la nyumbani halina kihariri chake, lakini matoleo ya kazini yanacho: andika `gpedit.msc`, kisha pita Computer Configuration, Administrative Templates, System, Removable Storage Access. Angalia mstari wa `Removable Disks: Deny write access`. Ukiwa umewashwa, uweke kwenye Not Configured. Dalili ya kufuli hili ni kwamba mara nyingi ujumbe unahusu kunyimwa ruhusa, wala hautaji kinga ya diski.

Zipo pia kompyuta zilizowekewa kanuni ya BitLocker, kipengele cha Windows cha kusimba diski (kuifunga data kwa ufunguo wa siri), inayokataa kuandika kwenye flashi yoyote isiyosimbwa, na programu za ulinzi zenye kipengele cha kudhibiti vifaa vya USB. Hizi kwa kawaida ni kompyuta za kazini, na aliyeweka kanuni hiyo aliiweka kwa makusudi, ili data isitoke au virusi visiingie. Zungumza na anayesimamia kompyuta hizo. Hata ukifanikiwa kuivunja leo, kanuni hujirudisha yenyewe mashine ikiungana tena na mtandao wa ofisi.

Diskpart, na namna ya kusoma inachokuambia

Hapa tunashughulikia alama ya kusoma tu ambayo Windows yenyewe imeiweka juu ya diski, kwa kutumia diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri. Tafuta `cmd` kwenye menyu ya kuanzia, ibofye kitufe cha kulia, uchague kuifungua kama msimamizi. Andika:

`diskpart`

`list disk`

Itatokea orodha ya diski zote zikiwa na namba na ukubwa. Simama hapa. Diski namba 0 huwa kwa kawaida ndiyo ya kompyuta yako, yenye kila kitu chako. Itambue flashi kwa ukubwa wake: ya GB 32 itaonekana kama GB 28 au 29 hivi. Ukiwa na wasiwasi, ichomoe, andika `list disk` tena, uone ni ipi imetoweka. Ichomeke, uhakikishe imerudi na namba gani. Tuseme ni 2:

`select disk 2`

`attributes disk`

Watu wengi huiruka amri hii ya mwisho, nami naithamini kuliko zote, kwa kuwa haibadilishi chochote. Inakuonyesha tu. Angalia mistari miwili ya juu:

`Current Read-only State : Yes`

`Read-only : No`

Mstari wa kwanza unaeleza hali halisi ya sasa. Wa pili unaeleza kama Windows imeibandika alama diski hiyo. Wa pili ukiwa `Yes`, umebahatika, kwani alama ni ya Windows na Windows itaiondoa:

`attributes disk clear readonly`

Rudia `attributes disk`. Mistari yote miwili ikisema `No`, andika `exit`, chomoa flashi, ichomeke tena, ujaribu kuandika. Hujapoteza faili hata moja.

Lakini wa pili ukiwa `No` na wa kwanza ukabaki `Yes`, kama nilivyoonyesha hapo juu, Windows inakuambia kwamba si yenyewe iliyofunga. Ukiwa umeshakagua kiswichi na rejista, aliyebaki ni chipu. Unaweza kuandika amri ya kuondoa mara ishirini, itakujibu kila mara kwamba imefanikiwa, na mstari wa kwanza hautabadilika. Nawaonea huruma watu wanaokesha hapa.

Mara chache alama huwa kwenye sehemu ya diski badala ya diski yenyewe. Andika `list volume`, `select volume` na namba yake, kisha `attributes volume clear readonly`.

Mfumo wa faili uliovurugika

Flashi ikichomolewa huku kompyuta bado inaandika, orodha ya ndani inayoonyesha faili ipi iko wapi inabaki nusu nusu. Linux ikiligundua hilo katikati ya kazi, huigeuza flashi kuwa ya kusoma tu ili uharibifu usienee. Windows huomba ukaguzi, au hutoa makosa.

Kwenye Windows, herufi ya flashi ikiwa E:

`chkdsk E: /f`

Ikijibu kwamba haiwezi kukagua kwa kuwa sehemu hiyo imelindwa, basi bado kuna kufuli la chini, rudi kwenye diskpart. Kwenye Mac, fungua Disk Utility, chagua flashi, ubofye First Aid.

Kwenye Linux una bahati ya kuambiwa ukweli waziwazi. Chomeka flashi kisha andika:

`sudo dmesg | tail -n 30`

Ukiona mstari wa `Write Protect is on`, kifaa chenyewe kimejitangaza kimefungwa: kiswichi au chipu. Ukiona `Write Protect is off` lakini chini yake kuna `Filesystem has been set read-only`, ni mfumo wa faili, nao unatengenezeka:

`sudo umount /dev/sdb1`

`sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`

Badilisha `sdb1` iendane na yako, ukiiona kwa `lsblk`. Kwa exFAT tumia `fsck.exfat`. Ikiwa ni NTFS, irudishe kwenye Windows uendeshe `chkdsk`, kisha uitoe kwa utaratibu.

Kila ukaguzi wa aina hii unaandika kwenye flashi. Ndiyo maana kunakili kulitangulia.

Kufomati upya

Ukishanakili, na alama imeondoka lakini flashi bado inasumbua, isafishe. Ndani ya diskpart, ukiwa umeichagua diski na umehakikisha namba yake kwa mara nyingine:

`clean`

`create partition primary`

`format fs=exfat quick`

`assign`

Amri ya `clean` haiulizi kama una uhakika. Ukiibonyeza kwenye diski isiyo yake, imekwisha.

Kwa Mac, andika `diskutil list` upate namba, halafu `diskutil eraseDisk ExFAT KAZI MBRFormat /dev/disk4`, ukibadilisha namba na jina. Chagua FAT32 badala ya exFAT ikiwa flashi itatumika kwenye redio ya gari au televisheni ya zamani, maana nyingi hazijui exFAT.

Memori kadi ninazifomati kwa njia tofauti. Shirika linalosimamia viwango vya kadi za SD hutoa programu ya bure iitwayo SD Card Formatter, na inapanga kadi kwa mpangilio ambao kamera na simu zinautarajia: FAT32 kwa kadi zinazozidi GB 2 hadi GB 32, exFAT kwa zilizozidi hapo. Kwa kadi ya kamera, malizia kwa kuifomati ndani ya kamera yenyewe.

Kadi kwenye simu

Android ina visa vyake. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013, programu hazina uhuru wa kuandika popote kwenye memori kadi. Zinahitaji ruhusa yako kwa folda husika. Ukiambiwa huwezi kuhamisha faili, jaribu kwa programu ya faili iliyokuja na simu, kisha ukubali inapoomba ruhusa ya kadi. Ikiwezekana kwa hiyo na si kwa nyingine, kadi ni nzima.

Kisa kingine ni kadi iliyofanywa sehemu ya kumbukumbu ya ndani ya simu, jambo lililoanza na Android 6.0. Simu huisimba, na kifaa kingine chochote kitaiona kama kadi tupu isiyo na mfumo. Usiifomati kwenye kompyuta kwa kudhani imeharibika. Irudishe kwenye simu ile ile, uhamishe data, kisha uibadilishe iwe hifadhi ya kubebeka kupitia mipangilio. Simu ikiwa imekufa au imerudishwa kiwandani, ufunguo umekwenda nayo.

Chipu ikiwa ndiyo iliyofunga

Kuna dalili moja isiyo na shaka. Unafuta faili, inatoweka mbele ya macho yako, hakuna kosa lolote. Unachomoa flashi, unaichomeka tena, na faili ile imerudi palepale. Au unafomati, inakubali, kisha vyote vinarejea. Kompyuta ilikuwa inakuonyesha kumbukumbu yake yenyewe, huku flashi haikupokea chochote. Dalili nyingine ni diskpart kujibu kwamba `The media is write protected` ukijaribu `clean`, baada ya kiswichi na rejista kukaguliwa. Flashi inayosomeka kuwa na ukubwa wa sifuri imepita hata hatua hiyo.

Hapa kazi yako ni kuokoa data. Kama kunakili kwa kawaida kunakwama, chukua taswira ya flashi nzima kwa `ddrescue` kwenye Linux:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb nakala.img ramani.log`

Inasoma kwanza sehemu zisizo na kasoro na kuziacha mbovu hadi mwisho, na ikikatika inaendelea pale ilipoishia kwa kutumia ile faili ya ramani. Kisha fanya uokoaji juu ya taswira, uiache flashi ipumzike. PhotoRec ni ya bure na inachimbua picha, video na nyaraka hata orodha ya faili ikiwa imepotea. TestDisk, ndugu yake, inarudisha sehemu za diski zilizofutika. Vyote vilivyookolewa vihifadhi kwenye diski nyingine.

Utasikia habari za programu za kiwandani, zile zinazopanga upya kidhibiti kulingana na aina yake, iwe ya Phison, Silicon Motion au Alcor. Zipo, na mara nyingine hufufua flashi. Lakini zinafuta kila kitu, zinahitaji toleo linalolingana hasa na kidhibiti chako, na nyingi zinapatikana kwenye tovuti zisizojulikana ambako virusi huja pamoja nazo. Hata ukifaulu, umefufua chipu ambayo seli zake zimechoka. Mimi siweki humo tena kitu cha mtu.

Ikiwa flashi ilijifunga ikiwa mpya kabisa, shuku ukubwa wa uongo. Zipo flashi na kadi bandia zinazojitangaza kuwa na GB 512 huku ndani zina GB 16, na zikijaa huanza kuharibu faili au kugoma. Programu ya H2testw kwenye Windows, au `f3write` na `f3read` kwenye Linux na Mac, hujaza nafasi yote na kusoma tena, na hapo ukubwa wa kweli hujulikana. Fanya jaribio hilo hilo kwa flashi yoyote uliyoifungua kabla hujaiamini na kazi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau wanapoitupa au kuirudisha kwa dhamana. Flashi iliyofungwa na chipu haiwezi kufutwa, na kila kilichomo bado kinasomeka na yeyote atakayeichomeka. Ikiwa ina nakala za vitambulisho, mikataba au picha za familia, fikiria kama thamani ya flashi mpya inatosha kuvitoa nje. Ukiamua kuitupa, fungua ganda lake, utafute kipande kile cheusi cha mstatili kilicho kikubwa kuliko vyote ubaoni, ukivunje vipande viwili kwa koleo. Flashi nyingine ndogo zina chipu mbili, zivunje zote. MicroSD ikate katikati kwa mkasi imara, upande hadi upande, kwa sababu ndani yake chipu imeenea karibu kadi nzima.